Simu ziandikwe tarehe ya mwisho wa apdeti, kama maziwa

Kwa Mhariri,

Assalaam aleikum. Kuna ushauri mmoja siku hizi uko kila mahali, redioni uko, gazetini uko, mpaka benki wanatuma kwa meseji, ati sasisha simu yako mara kwa mara ili uwe salama. Sawa, sikatai, ushauri ni mzuri. Ila hakuna hata mmoja anayemaliza maneno akatuambia tusasishe na nini, na kama mwenye kutengeneza simu hajaileta hiyo apdeti, yaani programu mpya ya kuisasisha simu, mwananchi afanye nini. Maana mi nasasisha bwana mhariri, kila asubuhi nikishasali naingia kwenye setingi nabonyeza pale pa kuangalia apdeti, na kila asubuhi naambiwa simu yako iko kwenye toleo la mwisho. Hilo toleo la mwisho lenyewe ndo lililoniharibia simu.

Nashona kofia hapa Langoni, kofia za mkono. Mteja wa Mombasa au wa Zanzibar au wa Maskati hanunui kofia kwa maneno, anataka picha, na si picha moja, anataka aone vito kwa karibu, aone uzi, aone ndani umefunga vipi, kwa sababu kofia ya mashine na kofia ya mkono ukizitazama kwa mbali huwezi kuzitofautisha na bei zake hazikaribiani kabisa. Kwa hivyo kamera ya simu kwangu ni kitendea kazi, iko pamoja na sindano. Apdeti ikaja usiku, nikaipokea kwa mikono miwili kama tulivyoshauriwa, simu ikazima ikawaka, na tangu hapo ukifungua kamera inakaa nyeusi, ukingoja inakwambia kamera imesimama, ukizima simu ukawasha tena inakubali picha mbili tatu halafu inarudi kulala. La pili, ukipiga simu na kuiweka sikioni skrini inazima, hiyo ni kawaida, lakini ukiitoa sikioni haiwaki, kwa hivyo ukipigia huduma kwa wateja ukaambiwa kwa Kiswahili bonyeza moja huwezi kubonyeza kitu, unakaa unasikiliza muziki wao mpaka wakate wenyewe. Yaani simu imeharibika na ndo hiyohiyo inakuzuia kuripoti kwamba imeharibika.

Nikadhani ni mimi pekee. Kumbe binamu yangu aliye Faza ana simu aina hiyohiyo na mambo ni yaleyale, na mwalimu mmoja wa madrasa hapa Mkomani pia, na watu wa Tanzania nao wanalalamika vilevile. Kwa hivyo si simu kuanguka wala si maji ya chumvi, maana hilo la maji ya chumvi ndo jibu la kwanza ukisema unatoka Lamu, wanakuangalia kana kwamba tunaogelea nazo.

Dukani nilikonunua wakaniambia shangazi hiyo ni programu, si simu, sisi twauza simu. Nikaipakia kwenye basi kule Mokowe ikaenda Mombasa kwa wale wanaoitwa wakala rasmi, ikakaa huko, ikarudi imefutwa kila kitu, picha zangu zote za kofia zimekwenda, na kamera bado nyeusi. Kikaratasi kilichokuja nayo kimeandikwa tatizo ni la programu, litarekebishwa na apdeti ijayo. Ijayo lini? Hapo pameachwa wazi. Nikiuliza fundi wa hapa kwetu ananijibu kwa upole wake, itakuya, subiri. Kila mtu mpole. Simu ndo haina upole.

Sasa bwana mhariri nisije nikaonekana mama wa kulalamika tu asiyetaka kuelewa. Nina mtoto wa kaka yangu amesomea hayo mambo ya kompyuta, nikamkalisha kitako barazani nikamwambia nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili, apdeti inatoka wapi na kwa nini haifiki. Akanieleza, na ukweli nikaelewa mengi. Kumbe simu hizi za Android si mali ya mtu mmoja. Google ndo anayetengeneza Android, lakini Android ya Google haiwezi kuingia kwenye simu yangu hivihivi, inabidi kwanza ipite kwa mwenye kutengeneza chipu iliyo ndani, ambaye anaweza kuwa Qualcomm au MediaTek au Unisoc, yeye aandike yale maelekezo ya kuifanya Android ijue kuongea na kamera na laini na kile kijicho kidogo cha juu kinachojua kwamba simu iko sikioni. Halafu ndo ifike kwa kampuni yenye jina lake kwenye simu, ambayo nayo inaweka mapambo yake na programu zake usizoweza kuzifuta, inajaribu, inarekebisha, inajaribu tena. Nchi nyingine mpaka kampuni za laini nazo zinajaribu kabla ya kuruhusu. Na ikishakuwa tayari haitumwi kwa watu wote siku moja, wanaanza na wachache, wakiona simu hazikufa wanaongeza, ndo maana jirani yako anaweza kupata leo na wewe ukapata baada ya wiki kadhaa na simu ni moja.

Nikamuuliza, na Google wenyewe hawaoni kwamba njia ni ndefu? Akasema wanaona. Mwaka 2015 iligunduliwa hatari moja kubwa iliyoitwa Stagefright, mtu anaweza kukutumia meseji ya video tu na akaingia ndani ya simu, hapo ndo Google wakaanza kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi, tangu Agosti mwaka huo. Mwaka 2017 kwenye Android 8 wakaleta mpango unaoitwa Treble, kazi yake ni kutenganisha ile sehemu ya mwenye chipu na sehemu nyingine, ili Android ikibadilika isiwe lazima kila kitu kianze upya. Halafu 2019 na Android 10 wakaanza kupitisha baadhi ya vipande moja kwa moja kwenye duka lao la Play bila kungoja kampuni ya simu. Kwa hivyo njia imefupishwa, hilo nakubali. Lakini kamera na kile kijicho cha sikioni viko kwenye ile sehemu ambayo Google hawezi kukurekebishia peke yake, lazima kampuni yenye simu yako itake. Na hapo kwenye kutaka ndo penye mchezo wote.

Maana wakitaka wanaweza, tena haraka. Septemba 2014 Apple walitoa iOS 8.0.1, watu wenye iPhone 6 wakaiweka, simu zikapoteza mtandao kabisa na alama ya kidole ikakataa. Apple wakaiondoa siku hiyohiyo na kesho yake wakatoa 8.0.2. Kesho yake! Ukweli Apple wanatengeneza simu na programu wao wenyewe kwa hivyo hawana mlolongo wa kupitia, lakini pia walijua kelele zitakuwa wapi. Simu za bei kubwa zikikosea dunia nzima inajua kabla ya magharibi. Simu yangu ya bei ya kwangu ikikosea, anajua mimi, binamu wa Faza na mwalimu wa madrasa.

Na huyo mtoto akanicheka akaniongezea lingine, kuna chombo cha Marekani kinaitwa Voyager 1, kilirushwa mwaka 1977, sa hii kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, ujumbe kukifikia ni zaidi ya saa 23 kwenda tu. Novemba 2023 kikaanza kutuma upuuzi, memori yake ilikuwa imekufa mahali, basi wale watu wa NASA wakahamisha programu kutoka sehemu mbovu wakaipachika kwenye sehemu nzima, kutoka huku huku duniani, na Aprili 2024 kikaanza kueleweka tena. Kitu cha 1977! Nikamwambia basi waambie wairushe na simu yangu huko juu labda itapata huduma.

Sasa niseme lile hasa lililonifanya niandike, kwa sababu kamera yangu ni jambo dogo na najua gazeti si la kamera yangu.

Nilikuwa nikidhani simu ukinunua mpya ni mpya. Imefungwa karatasi, ina harufu ya plastiki, betri haijawahi kuchajiwa, ni mpya. Kumbe kwa upande wa apdeti simu inaanza kuzeeka siku ilipozinduliwa huko kwao, haingoji wewe uinunue. Kampuni ikisema tutaipa simu hii apdeti za miaka miwili au mitatu, mara nyingi inahesabu tangu siku ya uzinduzi. Sasa hesabu safari yake, izinduliwe huko Asia, ikae, ishushwe bei, iletwe Nairobi, ikae, iletwe Mombasa, ikae, iletwe mpaka huku kwetu ambako maduka yanapenda kuleta ile iliyoshuka bei kwa sababu ndo tunayoweza kununua, nayo ikae kwenye kabati la kioo ikingoja mama mmoja amalize mchezo wa pesa. Siku anaifungua kwa furaha na kuipiga picha ya kwanza, umri wake wa apdeti huenda umeshaliwa nusu au umeshakwisha kabisa. Na muuzaji hajui. Mi nimeuliza maduka ya hapa ya barabara kuu na ya kule ndani, hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia simu anayoniuzia itapata apdeti mpaka lini. Megapikseli anazijua. Chaji inaingia kwa dakika ngapi anajua. Hilo hajui, na si kosa lake, kwenye boksi hakuna.

Maziwa ya pakiti ya bei ndogo kabisa yana tarehe. Mwenye duka akikuuzia yaliyopita tarehe unamrudishia na mtaa mzima unasikia. Simu ambayo mtu amejinyima nayo miezi haina.

Na kuna hili la simu za kulipa kidogo kidogo, ambalo linaniuma zaidi kwa sababu vijana wengi wa boda na wa boti ndo simu walizonazo. Unalipa kila siku au kila wiki, ukija kumaliza umelipa zaidi kuliko bei ya dukani, sawa, ni biashara, hakuna aliyelazimishwa. Lakini angalia kitu kimoja. Kijana akichelewa kulipa, amri ya kumfungia simu inafika. Haina kungoja kuanza na wachache. Haijali kwamba yuko Kizingitini au Ndau mtandao unakuja na kwenda, akipata mtandao tu simu imefungwa, skrini imeandikwa lipa. Kwa hivyo njia ya kuifikia simu ya Lamu ipo na inafanya kazi vizuri sana. Apdeti ya kurekebisha ndo haiijui hiyo njia. Na kuna wanaoendelea kulipia simu ambayo mwenye kuitengeneza ameshaacha kuishughulikia zamani, mtu anadaiwa deni la kitu ambacho mwenyewe amekitupa.

Watu wa mjini wakisikia hivi husema nunua simu nzuri. Google walisema Oktoba 2023 kwamba Pixel 8 itapata apdeti miaka 7, na Januari 2024 Samsung wakasema hivyohivyo kwa Galaxy S24. Mashaallah, miaka 7 ni kitu. Apple nao iPhone 5s ya 2013 waliipa marekebisho ya usalama mpaka Januari 2023. Lakini bei ya simu hizo tunaijua, na mtu anayeweza kuinunua ndo huyohuyo anayeweza kununua nyingine mwakani, kwa hivyo mwenye uwezo wa kubadilisha anapewa miaka 7 na asiye na uwezo wa kubadilisha anapewa miwili iliyoliwa nusu. Hilo nimelifikiria sana na bado sijaona anayenipa sababu yake.

Tena kungoja huku si kukaa tu. Anayengoja anafanya mambo. Kuna wanaochoka wakampelekea fundi yeyote akawaflashia simu, yaani anafuta programu yote anaweka nyingine aliyoipakua mahali anapopajua yeye, na wengine inapona kweli, nisiseme uongo, lakini hujui kilichoingia nayo, na simu hiyohiyo ndo ina M-Pesa yako na paspoti uliyoipiga picha ukimtumia mtu wa viza. Kuna wanaotumiwa meseji za uongo, simu yako imepitwa na wakati bonyeza hapa kupata apdeti, na mtu anayengoja apdeti kwa hamu ndo rahisi kuliko wote kubonyeza. Na kuna wale ambao baada ya yaliyonipata mimi wameapa hawasasishi tena maisha yao, jirani yangu mmoja amezima kabisa, anasema apdeti ni kama... basi niache alivyosema. Huyo naye yuko hatarini, maana marekebisho ya usalama ya kweli yakija hatayapata. Kampuni inayotoa apdeti mbovu na kukaa kimya haiharibu simu moja, inawafundisha watu kuogopa dawa.

Halafu bando. Hakuna anayelitaja hili. Apdeti kubwa inaweza kupita GB moja, na simu ya memori ndogo inakwambia futa vitu kwanza upate nafasi, kwa hivyo unafuta picha za harusi ya mwanao ili upate nafasi ya kitu kitakachokuja kuharibu kamera. Wenye hoteli za Shela wana waifai. Mtu wa Siyu au Mbwajumwali ananunua bando la siku, anangoja usiku mtandao utulie, inafika asilimia tisini inakatika, wakati mwingine inaanza mwanzo. Kwake apdeti si ya bure hata kama wameandika bure. Na kama hiyo apdeti imekuja kusahihisha makosa yao wenyewe, kwa nini nilipie bando mimi? Najua ni swali la kijinga kwa wakubwa, lakini nilitaka niliulize.

Sasa huko kwa wenzetu wameshachoka wakaandika sheria. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024, mwenye kuuza vifaa vingi vya kuunganishwa na intaneti, simu zikiwemo, lazima atangaze vitapata marekebisho ya usalama mpaka lini kwa uchache. Hawajamlazimisha miaka mingapi, wamemwambia sema tu. Na nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, zina kanuni ya simu na tableti ambayo inahesabu miaka 5 ya apdeti, na hapa ndo nikapiga makofi, inahesabu tangu siku ambayo simu ya mwisho ya aina hiyo iliwekwa sokoni, haihesabu tangu uzinduzi. Yaani huko wameuona mchezo uleule wa kabati la kioo. Na wametaja mpaka muda wa kungoja, marekebisho ya usalama yakishatolewa na mwenye programu ya msingi, mwenye simu asizidishe miezi 4. Kampuni zinazouza huko ni hizohizo zinazotuuzia sisi. Kwa hivyo wanajua kuandika tarehe, wanaandika, ila boksi la kuja huku linakuwa bubu.

Kwetu mtu atasema Kenya haina sheria. Iko. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na kuna Mamlaka ya Mawasiliano ambayo simu haifai kuuzwa hapa nchini kabla haijaikagua aina yake na kuiidhinisha. Kwa hivyo mlango upo, na kila aina ya simu inatakiwa kupita hapo. Wanaangalia mawimbi, wanaangalia usalama wa umeme, sawa, ni kazi nzuri. Mwisho wa 2024 walitangaza watataka na namba za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, za simu zinazoingia ili ijulikane kama kodi imelipwa, mpaka jambo likafika mahakamani. Sikusudii kuingia kwenye hiyo kesi. Nasema tu kwamba serikali ikitaka kujua kitu kuhusu simu, inajua pa kusimama na kuuliza. Basi isimame palepale iulize na hili moja, simu hii itapata apdeti mpaka mwezi gani wa mwaka gani, na jibu liandikwe kwenye boksi kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa herufi ambazo mama wa umri wangu anaweza kuzisoma bila kumwita mjukuu.

Siombi wawalazimishe kuleta apdeti haraka. Nimeshaeleza ile ya Apple ya 2014, haraka nayo ina balaa lake, na yangu mimi pengine ilikuja kwa haraka vilevile, wallahu aalam. Wala siombi simu za miaka 7 kwa bei ya miaka miwili, najua mfanyabiashara hatakubali na bei itapanda na tutarudi kwenye mulika mwizi. Naomba tarehe tu. Nikiwa na tarehe nitajua mwenyewe kwamba hii ya bei ya chini imebakiza miezi sita na ile ya kuongeza elfu tatu imebakiza miaka mitatu, nitafanya hesabu yangu kama ninavyofanya hesabu ya uzi. Na muuzaji naye atapata kitu cha kumbana aliyemuuzia, sasa hivi anabeba matusi yetu bure.

Watu wa kulipa kidogo kidogo nao, kama simu muda wake wa apdeti unaisha kabla ya deni kuisha, mnunuzi aambiwe mbele, kwenye hiyo karatasi anayotia sahihi. Wabunge wetu wa pwani wakikosa la kusema hilo ni la kusema.

Wakati tunangoja hayo, wasomaji wenzangu mnaokwenda kununua, fanyeni hivi kabla hamjatoa pesa. Mwambie muuzaji awashe simu, ingia setingi, shuka mpaka chini kabisa pa kuhusu simu, bonyeza toleo la Android, utaona tarehe ya marekebisho ya usalama. Kama tarehe hiyo ni ya mwaka juzi, muulize kama kuna apdeti, iunganishe na waifai yake muangalie pamoja. Ikisema iko kwenye toleo la mwisho na la mwisho lenyewe ni la mwaka juzi, basi simu hiyo imeshaachwa na wenyewe, wewe ukitaka ichukue lakini ichukue kwa bei ya kitu kilichoachwa. Dukani pale nilikonunua yangu waliniona mkorofi nilipokwenda kumsaidia shemeji yangu hivyo juzi, lakini bei ilishuka.

Na kama kuna mtu wa hizo kampuni anasoma barua hii, nambari ya toleo lililoniharibia simu ninayo nimeiandika kwenye daftari la wateja. Akijibu hapahapa gazetini nitamwona, kwa simu asijisumbue, nikiiweka sikioni skrini haiwaki.

Mshona kofia,
Langoni, Lamu